Kibaraza cha Fundi Saa

Inspekta alipoingia uani, mke wa Fundi Saa alikuwa anamwagilia maji zege.

Hebu fikiria. Mume hajulikani alipo, polisi wamejaa uani, majirani wamepanga videvu juu ya ukuta, vibarua wawili wameshika nyundo wakingoja kuambiwa wapige wapi, na mwanamke huyo ameinama na kopo lake. Anachota kwenye ndoo, anamwaga polepole juu ya magunia yaliyotandikwa kutoka mlango wa nyuma mpaka kwenye tangi la maji na kuendelea hadi geti dogo. Akimaliza gunia moja anahamia jingine. Hakuinua hata uso.

"Umemwona huyo, afande? Umemwona?" alifoka mwanamume mmoja mnene, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. "Mdogo wangu yumo humo chini, na yeye anamwagia maji!"

Alikuwa amekandamiza kitambaa mdomoni, na maneno yakatoka yamefunikwa nusu.

Huyo ndiye Kaka Mkubwa. Ndiye aliyepeleka taarifa kituoni kwamba mdogo wake, fundi wa kutengeneza saa, amepotea. Ndiye aliyewaleta vibarua kwa pikapu yake mwenyewe. Tena ndiye aliyemganda mkuu wa kituo asubuhi na jioni mpaka mkuu akachoka, akaandika ruhusa ya kuvunja. Naye mkuu, ili asisumbuliwe tena, alikuwa amemwambia Inspekta maneno mafupi sana: ukimkuta mtu chini ya hilo zege, niletee mke, usipomkuta, niletee mke vilevile, atatuambia alimweka wapi. Na iwe kabla ya mchana.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu, ambaye kituoni walimwita Mama Polepole, wala si kwa kumsifu.

"Kaka, pole sana," alisema. "Jino?"

"Limeng'olewa juzi. Bado linawaka."

"Pole. Na hapa mara ya mwisho umefika lini?"

"Mimi? Tangu tulipomzika mama sijakanyaga. Hapo palikuwa na majani matupu."

"Kwa hiyo kazi ya zege hukuiona ikifanywa."

"Ningeiona wapi? Majirani ndio walionipigia simu, wanasema shemeji yako kutwa anamwagilia sakafu na mume haonekani." Akawageukia vibarua, mkono umenyooka kuelekea tangi. "Nyinyi, mnangoja nini? Anzieni kona ile pale!"

"Kwa nini pale?" aliuliza Inspekta.

Kaka Mkubwa alibadilisha kitambaa upande. "Si lazima waanze mahali?"

"Ni kweli," alisema Inspekta. "Lakini wataanza nitakaposema mimi. Kaa kwenye kivuli, kaka."

Koplo wake, kijana mrefu aliyekwisha kumhukumu mwanamke yule tangu walipokuwa njiani, alimvuta pembeni na kumpangia mambo harakaharaka kwa vidole. Kwanza, Fundi Saa ametoweka siku ileile zege lilipomwagwa. Pili, mke alisema mumewe alilimaliza mwenyewe, akaoga, akatoka, basi, lakini hakuna jirani hata mmoja aliyemwona akitoka. Tatu, mikono ya mke imebabuka kwa saruji.

"Na hii hapa, afande, ndiyo kubwa kuliko zote," alisema, akafunua gunia la kona ya tangi. "Angalia. Kote maji yanateremka kwenda bustanini, hapa tu yanatuama. Pamezama. Na udongo unazama wapi? Unazama palipochimbwa."

Inspekta alitazama lile dimbwi dogo. Palikuwa pamezama kweli, wala hakuweza kubisha.

"Yafunue magunia yote," alisema.

Mke wa Fundi Saa ndipo aliposema kwa mara ya kwanza. "Afande, tafadhali. Yasikae wazi muda mrefu. Jua litalipasua."

"Sikia maneno hayo!" Kaka Mkubwa alidakia kutoka kivulini. "Anaogopa zege lisipasuke! Mume je?"

Magunia yalifunuliwa. Kibaraza kikaonekana chote, cha kijivu, bado kibichi kwa maji: uwanja wa kutosha meza na viti vinne mbele ya mlango, halafu njia nyembamba ya kupita tangi kwenda getini. Kwa kazi ya mtu aliyezoea skrubu ambayo ukipumua vibaya huioni tena, kilikuwa kizuri. Inspekta alikijua vizuri alichokuwa anakiangalia. Nyumbani kwake alijitia fundi, akamwaga njia ya zege kwenda kwenye kamba ya nguo, hakuinywesha maji hata siku moja, na sasa ilikuwa na nyufa ambazo mumewe aliwaonyesha wageni wote.

Alipiga magoti kwa taabu, akalaza shavu karibu na sakafu, akaitazama kwa ubavu kuelekea mwanga.

"Koplo, njoo huku chini."

"Suruali yangu, afande."

"Suruali itafuliwa. Unaona nini hapo mlangoni?"

"Zege."

"Juu ya zege."

Koplo alikunja uso. "Mistari. Ya mviringo. Kama mtu alikuwa anafuta meza."

"Huyo ni mtu mwenye mwiko, anazungusha mkono. Sasa sogea mpaka hapo tangi, halafu fuata njia mpaka getini."

Koplo alitambaa. Alipofika kwenye tangi alisimama, akarudi kidogo nyuma, akaenda mbele tena. "Huku imenyooka, afande. Mistari mirefu, yote inakwenda upande mmoja."

"Mikono ya watu wawili," alisema Inspekta. "Fundi Saa hakulimaliza. Dada, tuingie ndani tuzungumze."

Chumba cha kwanza ndani kilikuwa cha kazi ya mke, ambaye alikuwa mshonaji. Palikuwa na cherehani chini ya dirisha, vitambaa vya wateja vimekunjwa kwa rangi, na ubao mrefu wa kupigia pasi umeegemezwa ukutani. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya familia: mama mzee kwenye kiti, na watoto wake wawili wa kiume kila mmoja upande wake. Mdogo alikuwa mwembamba na miwani yake, haangalii kamera, anaangalia saa ya mpiga picha. Mkubwa alikuwa anacheka mdomo wazi, na jino moja la mbele likawaka kwa dhahabu.

Inspekta alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Shemeji yako huyo?"

"Ndiye. Akicheka, linatangulia jino, halafu yeye anafuata." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana.

"Dada, ulitudanganya."

Mshonaji aliketi kwenye kiti cha cherehani. Aliangalia mikono yake, ambayo ngozi ilikuwa imechunika kwenye vifundo.

"Ndiyo," alisema.

"Kibaraza ulikimalizia wewe."

"Ndiyo."

"Kwa ubao ule." Inspekta alionyesha ubao wa pasi. Ukingo wake mmoja ulikuwa na ukoko wa kijivu.

"Sikuwa najua kutumia mwiko. Najua kunyoosha kitambaa. Nikalinyoosha kama kitambaa."

"Niambie tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Akasema. Alikuwa ametoka kupeleka nguo ya mteja. Alimwacha mumewe na toroli, amekwisha kumwaga sehemu ya mlangoni, anaifikia ile ya tangi, anaimba vibaya kama kawaida yake. Aliporudi, toroli lilikuwa limepinduka. Zege jingine lilikuwa kwenye karai, linaanza kukaza. Akaita, kimya. Akazunguka nyumba, kimya. Akajua saruji imemwishia, amekimbilia dukani.

"Nikangoja. Haji. Na zege hilo, afande, wewe ukichelewa lenyewe halichelewi. Aliniambia mara mia: likishaanza kukaza huna la kufanya, ni kulibomoa na kuanza upya. Nikamfikiria akirudi akute limeganda ovyo. Angelia huyo, namjua. Nikavua viatu, nikashika koleo."

"Na alipokosa kurudi usiku?"

"Ndipo nilipoogopa. Nikaona nikisema mimi ndiye niliyemwaga zege, mume hayupo, nani ataniamini? Nikasema alimaliza mwenyewe. Nilikosea. Lakini hata wewe, ungeniamini?"

Koplo, aliyesimama mlangoni, alikohoa. Inspekta hakumwangalia.

"Na maji je? Kutwa unamwagilia."

"Alisema zege changa ni kama mtoto, lisiponyweshwa linapasuka. Siwezi kumtafuta mtu nisiyejua alikokwenda, afande. Nimezunguka kila mahali mpaka miguu imevimba. Kumwagilia naweza."

Alisema hivyo machozi yakaanza kumdondoka, na hakuyafuta, kwa sababu chumvi iliunguza vidonda vya mikono.

Koplo alinong'ona: "Au anataka liwe gumu lisivunjike." Lakini alinong'ona bila nguvu.

"Kwa nini hukuvaa glavu?" aliuliza Inspekta.

"Zipo, mpya, hapo kwenye droo. Hata yeye hakuvaa. Ana kucha ya gumba la kulia, ameifuga ndefu, ndiyo anayofungulia migongo ya saa. Glavu zinaikunja. Alipojaribu tu kuchanganya kidogo, kabla ya siku yenyewe, vidole vyote vilibabuka, usiku nikawa nampaka mafuta. Nikamwambia, si uikate hiyo kucha uvae glavu kama watu? Akasema nianze kwa kumkata kidole."

"Sasa nisikilize vizuri. Kona ya tangi. Uliporudi uliikutaje?"

Mshonaji alifikiri. "Palikuwa pamevurugika. Alikuwa amekwisha kumwaga na kusawazisha, lakini pamekanyagwakanyagwa, mashimo matupu, kama ng'ombe wamepita. Nikajua aliteleza. Nikajaza zege juu yake, nikanyoosha. Ila mteremko nilishindwa. Ndiyo maana maji yanatuama pale." Akamtazama Inspekta usoni. "Ni mimi niliyepaharibu, afande. Hapajazama."

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Mama aliwaachia wote wawili. Shemeji anataka iuzwe. Mume wangu akamwambia kwenye simu, mimi siuzi, mimi najenga. Kesho yake akaanza kuchimba kibaraza."

"Na shemeji alisemaje?"

"Alikata simu."

Nje, kitu kizito kiligongwa chini. Kaka Mkubwa alikuwa anapaza sauti: "Mchana unafika! Ruhusa ninayo, sahihi ya mkuu hii hapa! Au mpaka nimrudie tena?"

Inspekta alitoka. Jua lilikuwa limepanda na kivuli cha ukuta kimefupika, na wale wa ukutani walikuwa wameongezeka. Simu ya Koplo ililia; akaisikiliza, akasema "ndiyo mkuu" mara nyingi, akaifunga.

"Anauliza tumefika wapi. Anasema gari la kumchukua mama huyu liko njiani."

"Sawa. Tutachungulia chini kabla ya kupiga juu." Akawaita vibarua. "Wekeni nyundo. Shikeni majembe na mtaimbo. Chimbeni hapa pembeni ya kona ya tangi, upande huu na upande ule, mshuke mpaka chini ya zege. Zege lenyewe msiliguse."

"Huo ni ucheleweshaji!" alipiga kelele Kaka Mkubwa. "Ruhusa inasema kuvunja!"

"Kaka, kama mdogo wako yumo humu, utapenda tumpige nyundo usoni?"

Ukutani mtu alisema "Loo!" na mwingine akamnyamazisha.

Walichimba. Mshonaji alisimama mlangoni, mgongo umeegemea mbao, kopo bado liko mkononi na hakujua kama analo. Hata Inspekta, aliyekwisha kuamini kwamba hapo hapana kaburi, alifuata kila jembe kwa macho. Kama alikuwa amekosea, basi kwa maneno yake mazuri ya mviringo na mistari alikuwa amempa mwanamke huyu matumaini juu ya maiti.

"Afande," alisema kibarua wa upande wa ukuta. "Kuna mzizi hapa."

Ulikuwa mzizi wa mpera uliosimama nje ya ukuta, mnene kama mkono wa mtu mzima, umelala mara tu chini ya zege. Inspekta alizunguka upande wa pili. Kibarua wa pili alikuwa anaukwangua udongo kuuzunguka mzizi uleule, unatokea, mzima, gome lake halijachubuka.

"Leta mtaimbo," alisema. Akausukuma mwenyewe chini ya zege, hapa, kisha hapa, kisha pale. Kila mahali uligonga udongo mgumu na kurudi. Akamkabidhi Koplo. "Jaribu na wewe."

Koplo alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaketi kwenye visigino vyake. "Udongo huu haujachimbwa tangu dunia iumbwe," alisema. "Na mzizi haujaguswa. Ukichimba kaburi hapa ungeukata."

"Na zege lenyewe ni vidole vinne tu. Ndani yake hafichiki mtu." Inspekta aliinuka, akajipangusa magoti, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani: "Fundi Saa hayumo humu. Hakuna aliyezikwa hapa. Sitavunja."

Kopo lilianguka. Mshonaji aliteleza na mlango mpaka akakaa chini kizingitini, akajifunika uso kwa mikono yake yenye vidonda, akalia kwa sauti. Ukutani watu walishusha pumzi kwa pamoja. Kibarua mmoja alivua kofia.

Inspekta hakuangalia hata mmoja wao. Alikuwa anamwangalia Kaka Mkubwa.

Mtu ameambiwa kwamba mdogo wake hakufukiwa chini ya sakafu. Mtu wa kawaida angekimbia kumkumbatia shemeji yake. Angemshukuru Mungu, angelia, angalau angeuliza, basi yuko wapi? Kaka Mkubwa alikuwa mwekundu wa macho kwa hasira.

"Vunjeni!" alisema. "Vunjeni hivyo hivyo!"

"Tunatafuta nini, kaka?"

"Ruhusa ni ya mkuu, si yako! Vunjeni ile kona!"

Vibarua hawakusogea. Akawapita, akaokota nyundo kubwa, kitambaa kikamponyoka mdomoni, akaipandisha juu ya bega.

"Shemeji, usivunje!" Mshonaji alipiga ukelele. "Ni kazi yake hiyo! Usivunje!"

Koplo aliruka. Inspekta alimshika mkono wa shati. "Mwache."

"Afande!"

"Mwache, nimesema. Mwangalie anapiga wapi."

Alipiga kona ya tangi. Alipiga kama mtu anayeua nyoka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pale zege likatoa sauti ya uwazi. Kilichotokea kiliwashangaza hata vibarua: halikuvunjika lote. Lile la Mshonaji, alilolijaza juu ya jingine lililokwisha kuanza kukaza, halikuwa limeshikana na la chini. Likang'oka tabaka zima, kama ukoko wa sufuria.

Kaka Mkubwa alitupa nyundo, akaanguka magotini na shati lake zuri, akaanza kuvibiringisha vile vipande. Alichukua kimoja, akakigeuza, akakitupa. Akachukua kingine. Akakwangua kwa kucha.

Kokoto zilidondoka kutoka vidoleni mwake.

"Kaka," alisema Inspekta, naye ameinama juu yake. "Unatafuta nini?"

"Mdogo wangu," alisema, mikono haijasimama.

"Kwenye kokoto?"

Mikono ikasimama.

"Hebu sogea, kaka. Koplo, msaidie ainuke, na umshike vizuri."

Alipoondolewa, kila mtu aliona. Kwenye zege la chini, lililokanyagwa likiwa laini na kugandia hivyo hivyo chini ya lile la mwanamke, kulikuwa na nyayo. Nyayo za mabuti ya mpira, zimerudi nyuma, zimeteleza. Na zikizifuata, uso kwa uso, nyayo za viatu vya mtu mzito, kisigino chake kimezama. Inspekta alichukua kibanzi, akapima urefu wa unyayo ule wa kisigino, akakipeleka kwenye kiatu kinachong'aa cha Kaka Mkubwa. Vikalingana.

"Tangu mlipomzika mama hujakanyaga hapa," alisema. "Na zege hili lilikuwa laini siku moja tu."

Kibarua aliyevua kofia alichuchumaa, akaelekeza kidole bila kugusa. Pembeni ya unyayo, nusu ndani ya zege na nusu nje, kitu kidogo kilikuwa kinawaka juani.

Inspekta alikitazama, kisha akamtazama Kaka Mkubwa. "Wewe ulisema limeng'olewa. Hukusema nani aliling'oa. Fungua mdomo, kaka."

Hakuufungua. Lakini kitambaa kilikuwa chini, na pengo lake la mbele halikuhitaji kufunguliwa.

"Yeye ndiye aliyeanza," alisema hatimaye, na sasa maneno yakawa yanapuliza kwenye pengo. "Nilikuja tuongee kama ndugu. Hata kuacha koleo hakuacha! Ananiambia sogea, utanikanyagia zege. Mimi! Nyumba ya mama yangu! Nikamsukuma. Akanipiga ngumi, huyu mtoto niliyemfundisha kuvaa viatu. Nikamsukuma tena. Akateleza, kichwa kikapiga ukingo wa toroli. Akatulia."

"Ukambeba."

"Nilimwita. Nilimwita mara nyingi."

"Ukambeba kwenye pikapu hii hapa."

"Sikumuua!"

Mshonaji alikuwa amesimama. Alitembea juu ya kibaraza mpaka akasimama mbele ya shemeji yake, na Inspekta akamwashiria Koplo asimzuie. Hakupiga kelele sasa.

"Shemeji. Yuko hai?"

Kaka Mkubwa aliangalia chini.

"Umekuja na vibarua kutafuta jino, lisije likakutaja. Mimi nakuuliza mtu. Yuko hai?"

"Alikuwa anapumua," alisema. "Nilimwacha kwenye ile hospitali ya barabara kuu, ukishavuka daraja. Nikamwambia mlinzi nimemwokota njiani. Sikutaja jina. Kisha nikaogopa kurudi kuuliza. Sijui, shemeji. Naapa sijui."

"Tuliulizia kila hospitali mpaka huko," alisema Koplo, ameduwaa. "Tulitaja jina lake lote."

"Na jina hakuwa nalo," alisema Inspekta, akiwa tayari na simu sikioni.

Simu ililia muda mrefu. Ikapokelewa na mtu wa getini, akampa mwingine, naye akampa mwingine. Getini kulisikika gari la kituo likifika kumchukua Mshonaji. Inspekta aliwapungia askari mkono wasubiri. Hatimaye sauti ya muuguzi, mwanamke, imechoka, na Inspekta akabonyeza kipaza sauti ili isikike na wote.

"Mgonjwa asiye na jina tunaye. Mwanamume. Aliletwa ameumia kichwa. Lakini afande, jamaa wawili wamekuja kumtazama wakasema si wao, sitaki kumpa mtu matumaini ya bure. Amefumbua macho juzi, haongei bado. Ana alama gani huyo wa kwenu?"

Mshonaji alisogea kwenye simu.

"Vidole vyake, dada," alisema. "Viko vipi?"

"Vimebabuka. Tulidhani ni moto."

"Ni saruji." Alimeza mate. "Na gumba la kulia? Lina kucha?"

Upande wa pili muuguzi akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekumbuka kitu.

"Kucha hiyo! Dada yangu, imetushinda. Kila tukileta mkasi tumkate, mtu mwenyewe hata kijiko hawezi kushika, lakini mkono anauvuta. Leo asubuhi tena kauficha chini ya mto."

Mshonaji aliketi palepale alipokuwa, juu ya zege, kwenye ile sehemu ya mistari ya mviringo.

"Msiikate," alisema. "Mwambie nakuja. Mwambie nimelimwagilia."